Lori likilemewa, weka spana chini upige hesabu

Kuna skrubu moja ndogo kwenye malori ya kazi ambayo kila kijana wa gereji anaijua. Inakaa kwenye vali ya usalama ya haidroli, imefungwa kwa nati, na wakati mwingine imevalishwa kofia ili mikono ya watu isiifikie. Kazi yake ni moja tu: kuamua presha ikifika wapi mafuta yaachiliwe yarudi tangini badala ya kwenda kupasua kitu. Sasa lori likianza kulegea, kreni ikinyanyua mzigo kama mzee anayepanda ngazi, fundi wa kwanza kufika anachomoa spana, analegeza nati, anakaza skrubu nusu mzunguko na kupaza sauti: "Jaribu sasa!"

Wewe kijana unayesoma haya, usiwe fundi huyo. Na kama wewe ndiye opereta unayeambiwa ujaribu sasa, ondoa mkono kwenye leva kwanza.

Tunalileta suala hili hapa kwa sababu malori yenyewe yamebadilika. Mkandarasi wa nguzo za stima hataki tena lori la kubeba tu. Anataka gari moja lenye keekee ndefu ya kuchimba shimo, kreni ya kusimamisha nguzo na winchi ya kuvuta waya. Lori la taka nalo lina mkono wa kuinua pipa, bamba la kukandamiza uchafu na mlango wa nyuma unaofunguka kwa silinda. Lile la kubeba magari yaliyokwama lina kitanda kinachoteleza, na winchi juu yake. Injini ni moja, na mara nyingi pampu ya haidroli pia ni moja.

Mdosi hakosei kutaka hivyo. Lori ni ghali, dizeli ni ghali, na kazi yenyewe ni ya kung'ang'ania. Makosa huanza pale anapoleta kifaa cha tatu, kilichong'olewa kwenye lori jingine kuukuu, na kuuliza maswali mawili tu: kukichomelea ni pesa ngapi, na kitakuwa tayari lini? Hakuna anayeuliza kitahitaji lita ngapi za mafuta kwa dakika. Swali hilo lisipoulizwa gereji, litajibiwa saitini, na anayekuwa saitini ni wewe.

Tuanze na nguvu inatoka wapi. Kwenye giaboksi ya lori kuna mahali pa kufungia kifaa kinachoitwa PTO, yaani gia ya pembeni inayochota mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye pampu. Unakanyaga klachi, unaingiza PTO, pampu inazunguka, mafuta yanatoka tangini, yanapita kwenye vali zenye leva, yanasukuma silinda au kuzungusha mota, kisha yanarudi tangini. Hata neno hiab, ambalo wengi wetu tunalitumia kwa lori lolote lenye kreni, ni jina la kampuni iliyoanzishwa Uswidi mwaka wa 1944, na wazo lake la mwanzo lilikuwa hilo hilo: injini ya lori ipo, mbona isiendeshe na kreni?

Sasa kuna vitu viwili ambavyo watu huvichanganya kila siku. Presha ndiyo inayokupa nguvu. Wingi wa mafuta kwa dakika ndio unaokupa kasi. Ukivichanganya hivyo viwili, utatibu ugonjwa ambao lori halina.

Fikiria ploti ya mtaani yenye tangi moja juu ya paa. Saa tisa usiku ukifungua bomba lako gorofa ya nne, maji yanakuja vizuri tu. Saa kumi na mbili asubuhi, wakati kila mtu anaoga kwenda job, wa gorofa ya chini wanajaza ndoo na wewe wa juu unabaki na dawa ya meno mdomoni. Tangi halijaharibika. Maji yamefuata njia rahisi.

Mafuta ya haidroli yana tabia hiyo hiyo. Ukivuta leva mbili kwa pamoja kwenye mfumo wa kawaida wenye pampu moja, mafuta yatakimbilia kifaa chenye mzigo mwepesi. Winchi inayovuta waya mtupu itazunguka kwa furaha, na kreni iliyoshika nguzo itasimama hewani. Opereta anaona kreni "imeisha nguvu". Fundi anaamini. Spana inatoka.

Hebu tupige hesabu, na hii haihitaji digrii. Chukua pampu ya gia ya kawaida, ile inayosukuma sentimita za ujazo 60 kila inapozunguka mara moja. Izungushe mara 1,000 kwa dakika. Hizo ni lita 60 kwa dakika, ukiacha kiasi kidogo kinachovuja ndani. Tuseme kreni yako inataka lita 40, winchi lita 45, na mota ya keekee lita 70. Moja moja, lori linafanya kazi, ila keekee itazunguka polepole kidogo kuliko ilivyoundwa. Kreni na winchi kwa pamoja ni lita 85. Pampu ina 60. Lita 25 zitoke wapi?

Zitoke kwenye skrubu? Hapana. Pampu ya gia ikizunguka mara 1,000 itatoa lita zake 60, presha iwe 50 au 250. Ukikaza ile skrubu hadi kesho huongezi hata tone moja. Unachofanya ni kuruhusu presha ipande juu zaidi kabla ya vali kufunguka.

Na hiyo presha si mchezo. Chukua silinda yenye upana wa sentimita 10 kwa ndani. Kwa presha ya baa 200, inasukuma kwa nguvu ya karibu tani 16. Fundi akikaza skrubu hadi baa 260, silinda ile ile inasukuma karibu tani 21. Chuma cha kreni, pini, boliti, hosi na ekseli ya pampu havikujua kwamba mpango umebadilika. Kreni haiendi kwa kasi zaidi, lakini sasa inaweza kunyanyua mzigo ambao mtengenezaji aliukataza, na lori linaweza kuinuka upande mmoja. Ile vali ilikuwa ikikwambia "basi", nawe umeinyamazisha.

Kuna wakati skrubu huwa imelegea kweli, chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha mtambo. Hilo hutokea. Lakini utalijua kwa kufunga geji na kusoma presha, kisha kulinganisha na namba ya mtengenezaji. Hulijui kwa kusikiliza mlio. Fundi anayerekebisha vali ya usalama bila geji anacheza kamari, na pesa anazocheza nazo si zake.

Wengine hawagusi skrubu, wanakanyaga mafuta tu. Injini ikipanda hadi pampu izunguke mara 1,500, zile lita 60 zinakuwa 90. Inaonekana ni dawa, na kwa kiasi ni dawa kweli. Lakini kila pampu na kila PTO ina kasi yake ya mwisho. Ukiipita, na hosi ya kunyonya kutoka tangini ni nyembamba, pampu inakosa mafuta ya kutosha na kuanza kulia kama mtu anayetafuna changarawe. Hizo ni povu za hewa zinazopasukia ndani na kula chuma. Tena kumbuka ukiachia winchi, lita zote 90 zinaelekea kwenye kreni. Nguzo iliyokuwa ikipanda taratibu inaruka, na kuna mwenzako amesimama chini akiielekeza kwa mkono.

Halafu kuna joto, jambo ambalo wengi hulipuuza hadi sili zianze kuvuja. Nguvu ya haidroli hupatikana kwa kuzidisha presha kwa lita, kisha kugawanya kwa 600. Baa 200 mara lita 60, gawanya kwa 600, ni kilowati 20. Sasa leva ikishikiliwa wakati silinda imefika mwisho, mafuta yote yanapita kwenye vali ya usalama bila kufanya kazi yoyote, na zile kilowati 20 zinageuka kuwa joto. Ni kama kutumbukiza birika kumi za umeme, za wati 2,000 kila moja, ndani ya tangi la mafuta na kuziwasha pamoja. Tangi la lita 100 linaweza kupanda kama digrii 7 kila dakika. Kwa dakika saba limetoka digrii 30 na kufika 80, ambapo mafuta yanakuwa mepesi kama maji, pampu inavujia ndani, na kreni inalegea zaidi. Fundi anarudi kukaza tena. Unaona mduara huo?

Sasa, mwenye lori akuulize, "Kwa hivyo nifanyeje na vifaa vyangu vitatu?" Uwe na jibu.

Jibu la kwanza halina gharama kubwa na ndilo linalofaa malori mengi ya hapa: kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Unafunga vali ya kuchagua, unaielekeza kwa keekee, unachimba. Unaigeuza kwa kreni, unasimamisha nguzo. Unaigeuza kwa winchi. Swali si lori lina vifaa vingapi, ni vingapi vinafanya kazi kwa sekunde ile ile. Ukiketi na timu mkaandika kazi ya siku nzima hatua kwa hatua, huenda mkagundua kwamba ni mara chache sana vifaa viwili vinahitajika pamoja. Hapo umemwokolea mdosi pesa ya pampu kubwa ambayo angeinunua bure. Mtu wa aina hiyo hupigiwa simu tena.

Jibu la pili ni pale ambapo lazima viwili viende pamoja. Unaweka pampu mbili kwenye ekseli moja, kila moja na njia yake, vali yake ya usalama yake na lita zake. Winchi haiwezi kuiba mafuta ya kreni kwa sababu hayapiti kwake. Lakini hapo hesabu inarudi nyuma hadi kwenye PTO. Vifaa vyetu vitatu vikienda pamoja vinataka lita 155 kwa dakika. Kwa baa 200 hizo ni kilowati kama 52. Injini ya lori inaziweza bila jasho. PTO ndogo iliyofungwa kwa ajili ya kuinua bodi ya tipa, inayofanya kazi kwa muda mfupi tu kisha kupumzika, haiziwezi, na ikikatika itapeleka vipande vya chuma ndani ya giaboksi. Tangi, kipozeo na filta pia lazima vikue. Nimeona watu wakiongeza pampu na kuacha tangi la zamani, kama mtu aliyeongeza wageni na sufuria ni ile ile.

Ipo pia pampu ya bastola inayojibadilisha, inayohisi mzigo na kutoa lita zinazohitajika tu, ikiwa na vali zinazogawa mafuta kwa uwiano bila kujali mzigo upi ni mzito. Ni kitu kizuri, ni ghali, na hakivumilii mafuta machafu. Kama gereji yenu inamimina mafuta ya haidroli kwa mtungi uliokuwa na maji ya mvua, sahau kwanza.

Na kwa kifaa kidogo kama ngazi ya nyuma ya kushushia mizigo, pampu ndogo ya umeme inayotumia betri inatosha. Ila mota ya kilowati 2 kwenye volti 24 inavuta zaidi ya ampea 80. Ukiitumia siku nzima injini ikiwa imezimwa, jioni utasukuma lori.

Kuna kipimo kimoja unachoweza kukifanya kwa simu yako, bila kununua chochote. Tafuta silinda ambayo unajua upana wake wa ndani na urefu wa safari yake. Tuseme ni sentimita 10 kwa mita moja: hiyo inameza lita 7.85 ikinyooka yote. Weka injini kwenye mizunguko ya kazi, vuta leva hadi mwisho bila mzigo, na upime muda. Ikichukua sekunde 8, inapokea karibu lita 59 kwa dakika. Pampu iko sawa. Rudia ikiwa na mzigo ulioruhusiwa. Ikichukua sekunde 12, sasa inapokea lita 39, na zile 20 zilizopotea zinavuja mahali fulani ndani, kwenye pampu iliyochoka au sili zilizolika au vali iliyofunguka mapema. Hapo ndipo unaanza kutafuta ugonjwa ukiwa na namba mkononi. Mteja atakuheshimu hata kama una miaka ishirini na ovaroli ya kuazima.

Turudi kwa mwili wako, kwa sababu spea hununuliwa. Tairi la gari dogo huwekwa presha ya 30 hivi pale petroli stesheni. Kwa kipimo hicho hicho, baa 200 ni 2,900, karibu mara mia. Hosi ikipata tundu la ukubwa wa sindano, mafuta yanayotoka hapo yanaweza kupenya glavu na ngozi na kuingia ndani ya mkono. Jeraha linafanana na mchomo wa mwiba, na mwanzoni huenda lisiume sana, ndiyo maana watu huosha kwa sabuni na kurudi kazini. Usirudi kazini. Nenda hospitali saa hiyo hiyo na umwambie daktari wazi kwamba ni mafuta ya haidroli yaliyoingia kwa presha, kwa sababu mara nyingi itabidi mkono ufunguliwe kwa upasuaji na kusafishwa, na ukichelewa unaweza kupoteza kidole au mkono wenyewe. Kutafuta mahali panapovuja, tumia kipande cha kadibodi au ubao. Usipitishe kiganja kamwe. Na kabla ya kufungua hosi yoyote, shusha mzigo chini, zima injini, kisha sukuma leva zote huku na huku ili presha iliyobaki itoke. Bodi ya tipa ikiwa juu, usiingie chini yake hadi iwekewe nguzo ya chuma ya kuishikilia. Silinda peke yake haitoshi.

Sasa jambo ambalo vijana wengi wa kibarua hawaambiwi. Hosi ikipasuka au PTO ikikatika, kuna wenye malori wanaokata gharama kwenye ujira wa opereta. Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu wa mali pale tu mfanyakazi amesababisha kwa makusudi. Kifaa cha tatu kilichofungwa bila hesabu si makusudi yako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya 2007, inakutaka umwarifu msimamizi ukiona hatari kubwa, na inakataza ufukuzwe kwa kuondoka mahali ambapo una sababu nzuri ya kuamini maisha yako yamo hatarini. Tunajua, tunajua: karatasi ni karatasi, na getini kuna wengine kumi wanaosubiri nafasi yako. Ndiyo maana tunasisitiza namba. Kijana anayesema "naogopa" anaambiwa aende nyumbani. Kijana anayesema "pampu ni lita 60, hivi viwili vinataka 85, na geji inasoma 260 badala ya 200" ni vigumu kumfukuza, kwa sababu mdosi anaanza kuona bili.

Kama umejifunzia kazi hii Kariobangi Light Industries, Grogan au Changamwe bila kukanyaga darasa, NITA hufanya mitihani ya ufundi kwa madaraja, kuanzia la tatu hadi la kwanza, na sasa kuna utaratibu wa kutambua ujuzi ulioupata kazini. Huhitaji kuanza upya kama mtoto wa shule. Wewe uliye chuo cha ufundi, muulize mwalimu wako ni lini mtafunga geji kwenye mtambo halisi, maana kuchora alama za vali kwenye daftari pekee hakujamnyanyulia mtu nguzo.

Kaunti nazo hazijaepuka. Zinanunua malori ya taka na ya taa za barabarani kwa pesa za umma, na zabuni husema rangi, uwezo wa tani na nembo ya mlangoni. Ziongeze mistari mitatu: lita kwa dakika za pampu, presha ambayo vali ya usalama imewekewa na kufungwa kwa lakiri, na kibao cha chuma kando ya leva kinachosema kwa Kiswahili ni leva zipi mbili zinaruhusiwa kuvutwa pamoja. Kibao hicho ni kazi ya asubuhi moja kwa kijana yeyote mwenye mashine ya kuchonga herufi pale Industrial Area.